Ukuta Ufaao Kompyuta ya Nyumbani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wazee wetu walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutumiwa zaidi katika mambo ya tabia na ya malezi, lakini mimi nimeona kuwa yafaa sana katika jambo jipya lililoingia majumbani mwetu, nalo ni ulinzi wa kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Watu wengi wa siku hizi hufanya kinyume cha methali: hukimbilia kununua ukuta, na ufa wakauacha wazi. Katika makala haya nataka kueleza, kwa kadiri nilivyosoma na nilivyoona nyumbani kwetu Matemwe, ni ukuta wa namna gani ufaao kompyuta ya nyumbani, na kwa sababu gani. Maneno ya ufundi hayakosekani, lakini nitajitahidi kuyaeleza ili hata mzazi asiyepata kuigusa kompyuta apate kunifuata.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini jambo hili lilitushughulisha. Nyumbani kwetu pana kompyuta mpakato moja, ambayo wengi huiita laptopu. Haikununuliwa mpya. Mimi na ndugu zangu huitumia kwa kazi za skuli, lakini kazi yake kubwa ni ya mama. Mama ni katibu wa kikundi cha wanawake walimao mwani. Kilimo hiki kilianza hapa Unguja mwaka 1989, na mpaka leo sehemu kubwa ya kazi yake imo mikononi mwa wanawake wa pwani. Ndani ya kompyuta ile mna hesabu zote za kikundi: nani ameleta kilo ngapi za mwani mkavu, amelipwa kiasi gani, na ameweka kiasi gani katika mfuko wa akiba. Zamani hesabu hizo ziliandikwa katika madaftari matatu, lakini madaftari yalirowa na kurasa zikagandana. Basi sasa hakuna pahala pengine zilipo. Mwanamke anayeinama majini tangu maji kupwa mpaka yakaanza kujaa, siku zote za bamvua, hawezi kuambiwa kuwa haki yake imepotea kwa sababu kompyuta imeingiliwa.

Kikundi kilikubali kutoa fedha kidogo katika mfuko wake kwa ajili ya ulinzi. Hapo ndipo yalipoanza majadiliano barazani kwetu. Ami yangu, ambaye hufanya kazi katika hoteli moja ya pwani, alisema kuwa kazini kwao wana sanduku maalumu lililowekwa mlangoni mwa intaneti, na kwamba nyumba isiyo na sanduku kama lile ni sawa na shamba lisilo na ua. Kaka yangu, ambaye anasoma mjini, alikuja na gari ya 118 siku ya Ijumaa, akasema kuwa sanduku ni kupoteza fedha, programu iliyomo ndani ya kompyuta yatosha. Tuliuliza bei ya sanduku katika duka moja la mjini, tukaona kuwa lakaribia nusu ya bei tuliyonunulia kompyuta yenyewe. Ami hakurudi nyuma, na kaka hakurudi nyuma. Mwisho baba akanigeukia akasema, "Mwanangu, wewe unasomeshwa mambo haya skuli. Tutafutie hoja za pande zote mbili, kisha utwambie. Fedha hizi si zetu, ni za kina mama."

Haya basi ndiyo niliyoyapata.

Kitu kinachozungumzwa hapa mafundi hukiita fayawoli, na asili ya jina hilo la Kiingereza ni ukuta wa kuzuia moto. Sisi watu wa pwani hatuna shida ya kuelewa. Atakayekuwa amepata kuona moto ukishika paa la makuti wakati wa upepo wa kusi anajua kuwa kazi ya kwanza ya watu si kuiokoa nyumba inayowaka, bali ni kuuzuia moto usirukie nyumba ya pili. Huko Ulaya na Marekani nyumba zilizogusana hujengewa ukuta mnene katikati kwa ajili hiyo hiyo. Ukuta wa kompyuta nao hauzimi moto. Kazi yake ni kuuzuia usipite. Mimi katika makala haya nitauita ukuta tu.

Huzuia vipi? Mambo yote yapitayo katika intaneti, yawe barua, picha au sauti, hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa imetoka wapi na inakwenda wapi, mfano wa bahasha. Na kila kompyuta ina milango yenye namba, kuanzia 0 mpaka 65535. Milango hii haionekani kwa macho, ni hesabu tu ya kuzipanga kazi. Kurasa za intaneti zilizofungwa kwa siri hupita mlango namba 443. Kushirikiana mafaili katika kompyuta za Windows hutumia mlango namba 445. Ukuta husimama njiani, ukaisoma bahasha, ukauliza: Je, pakiti hii imeitwa na mtu wa ndani, au imejileta yenyewe? Kama mama amefungua ukurasa wa bei ya mwani, majibu yakija huruhusiwa kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. Kama pakiti imetoka kwa mtu asiyejulikana, ikagonga mlango namba 445 pasipo kuitwa, hutupwa.

Kuta hizi ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni ukuta wa sanduku. Hiki ni chombo chenyewe, chenye umeme wake na akili yake, kinachowekwa pale intaneti inapoingia nyumbani. Faida zake ni nyingi. Kwanza, hulinda kila kitu kilichomo ndani kwa pamoja: kompyuta, simu, televisheni, hata kamera ya ukutani, ambayo haiwezi kutiwa programu ya ulinzi. Pili, hauipunguzii kompyuta nguvu zake, jambo kubwa kwa kompyuta kukuu. Tatu, hata programu mbaya ikiingia ndani ya kompyuta, si rahisi kwake kuuzima ukuta uliomo katika chombo kingine.

Lakini una kasoro zake. Haujui ni programu gani iliyomo ndani inayotuma pakiti. Huona pakiti tu. Tena hauyaoni yapitayo baina ya kompyuta ya nyumba ile na simu ya nyumba ile, kwa kuwa hayo hayafiki mlangoni. Na kubwa kuliko yote, sanduku hukaa pahala pamoja. Kompyuta ikitoka, sanduku hubaki nyumbani.

Namna ya pili ni ukuta wa programu, nao umo ndani ya kompyuta yenyewe. Windows inao, kompyuta za Apple zinao, na Linux inao. Ukuta wa Windows kwa kawaida huwa umewashwa tangu mwanzo. Ule wa Ubuntu, ambayo ni namna mojawapo ya Linux, huwa umo lakini haujawashwa mpaka mwenyewe auwashe. Faida yake ni kuwa huifuata kompyuta kokote iendako, na hauhitaji fedha zaidi. Tena huzijua programu kwa majina yake, hata mtu akitaka kuikataza programu moja isipokee chochote kutoka nje, au isitoke kwenda nje, anaweza. Pia hutambua pahala: kompyuta ikiunganishwa na mtandao mpya, mwenyewe huweza kusema kuwa mtandao huu ni wa faragha, yaani wa nyumbani, au ni wa hadhara. Ukisema ni wa hadhara, ukuta hukaza zaidi.

Kasoro yake ni kuwa mlinzi na anayelindwa hukaa chumba kimoja. Programu mbaya ikipata ruhusa kubwa ndani ya kompyuta, yaweza kuuzima ukuta kwanza, kisha ikafanya itakavyo. Na kila kompyuta yahitaji ukuta wake.

Nilipofika hapo nilitaka kujua mambo haya yalitokeaje kwa kweli, maana hoja za barazani ni nyingi lakini yaliyokwisha tokea ndiyo mashahidi. Nikasoma mikasa mitatu.

Mkasa wa kwanza ni wa mwezi wa Agosti mwaka 2003. Mdudu wa kompyuta aliyeitwa Blaster alizunguka ulimwengu akigonga mlango namba 135 wa kompyuta za Windows. Mwenye kompyuta hakuhitaji kufungua barua wala kubofya chochote. Ilitosha kuwa ameunganishwa na intaneti. Kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe. Ajabu ni kuwa Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na ukuta wake wa programu ndani, lakini katika kompyuta nyingi haukuwashwa. Na dawa ya ule ufa ilikwisha tolewa mwezi wa Julai 2003, kabla ya mdudu kutokea. Mwaka wa pili wake, Agosti 2004, Microsoft ilitoa sasisho kubwa lililouwasha ukuta kwa kila mtu. Funzo lake ni hili: ukuta tulionao tayari, ukiwashwa, una thamani kuliko ukuta wa ghali uliomo dukani.

Mkasa wa pili ulianza mwezi wa Novemba mwaka 2008. Mdudu aliyeitwa Conficker aliingia kwa kugonga mlango namba 445, na dawa yake pia ilikuwa imekwisha tolewa mwezi wa Oktoba. Lakini mdudu huyu baadaye alijifunza njia nyingine: alijificha ndani ya flashi, hata mtu akiichomeka flashi katika kompyuta ya pili, naye akahamia. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa. Hapa sanduku la mlangoni halina la kufanya, kwani flashi haipiti mlangoni; huingia mfukoni mwa mwenyewe. Wanafunzi wenzangu, ambao tunaazimana flashi kama tunavyoazimana kalamu, tuutie akilini mkasa huu.

Mkasa wa tatu ni wa mwaka 2016. Programu mbaya iitwayo Mirai iliteka ruta na kamera nyingi sana duniani, si kwa ujanja mkubwa, bali kwa kujaribu maneno ya siri yaliyotiwa kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi kwa muda wa saa kadhaa. Funzo lake ni kuwa sanduku nalo ni kompyuta. Sanduku lisilotunzwa laweza kuwa mlango wa adui badala ya kuwa ukuta.

Baada ya kusoma hayo, niliona kuwa swali la sanduku au programu haliwezi kujibiwa kwa kusifu kimoja na kukitukana kingine. Hapana budi mtu auulize maisha ya kompyuta yenyewe: inalala wapi, na inakwenda wapi? Kwa hivyo kwa muda wa siku 14 niliandika katika daftari mwendo wa kompyuta yetu. Katika siku hizo ilitoka nyumbani siku 5: mara mbili nilikwenda nayo skuli, mara mbili mama alikwenda nayo katika ghala ya kikundi siku ya kupima mwani, na mara moja kaka alikwenda nayo mjini. Katika siku 9 zilizobaki umeme ulikatika jioni tatu. Umeme ukikatika ruta huzimika, lakini kompyuta huendelea kwa betri yake, na mtu mwenye kazi huiunganisha na simu yake. Simu nayo huzuia kidogo, lakini lile sanduku la ami lingekuwa limelala kizani bila ya kazi. Basi katika siku 14, siku 8 sanduku lisingalikuwa njiani, ama siku nzima, ama kwa saa za jioni ambazo ndizo za kazi.

Mwamba ulioko mbele ya pwani yetu huvunja mawimbi makubwa, na ndani yake kina mama hulima mwani kwa salama. Hakuna mtu wa Matemwe atakayeudharau mwamba. Lakini mvuvi atokaye nje ya mwamba haulizi tena habari zake. Hutazama ngalawa yake kama haivuji. Kompyuta yetu ni ya kutoka nje ya mwamba.

Jambo la pili nililoliona lilinishangaza zaidi. Ile ruta ndogo ya laini ya simu, ambayo tuliiweka juu ya kabati tukadhani kuwa kazi yake ni kuleta intaneti tu, ni ukuta wa sanduku vile vile, ijapokuwa ni mdogo. Nambari za anwani za intaneti za namna ya zamani ni chache, hazifiki bilioni 4 na nusu kwa ulimwengu mzima. Kwa ajili hiyo, tangu miaka ya 1990 kulibuniwa njia ya nyumba nzima kutumia anwani moja tu kwa nje. Ruta ndiyo iliyo na anwani hiyo, nayo huweka daftari la nani wa ndani ameuliza nini. Pakiti ikija bila ya kuitwa, ruta haijui impe nani, basi huiacha. Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya ulinzi, lakini hulinda. Na juu ya hayo ruta nyingi zina ukuta wa kweli ndani yake, wenye kuwashwa na kuzimwa. Maana yake ni kuwa tulikuwa tukibishana habari ya kununua sanduku, na sanduku liko juu ya kabati.

Baada ya sala ya Isha tulikaa barazani, nikawasomea yaliyomo katika daftari langu. Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwani sisi wa hoteli tumefanya upuuzi?" Nikamjibu, "Hasha, ami. Nyinyi mna kompyuta nyingi zisizotoka, mna kamera, na mna wageni wageni kila siku wanaotumia mtandao wenu. Kwenu sanduku ni lazima, na umeme wenu una jenereta. Kwetu hali si hiyo." Akatikisa kichwa, akasema kuwa hilo amelikubali. Kaka alianza kucheka kwa kuona kuwa ameshinda, lakini baba akamwambia asubiri, kwani daftari halijamalizika. Nikaeleza kuwa programu peke yake nayo haitoshi, kwa sababu televisheni na simu za nyumbani hazilindwi nayo, na kwa sababu mlinzi aliye chumba kimoja na mwizi aweza kufungwa kamba. Mji Mkongwe ulikuwa na Ngome yake, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hata hivyo wenye nyumba hawakuacha kutia milango mizito na makomeo. Hakuna aliyesema kuwa ngome yatosha, wala aliyesema kuwa komeo latosha.

Basi tulikata shauri kama hivi: sanduku jipya lisinunuliwe. Kuta mbili tulizo nazo, ule wa ruta na ule wa kompyuta, ziwashwe zote na zitengenezwe vizuri. Na fedha za kina mama zitumike kwa kitu ambacho ukuta wowote hauwezi kukifanya, nacho nitakitaja mbele.

Siku ya pili yake mimi na kaka tulifanya kazi. Wasomaji wanaotaka kufanya kama sisi hawahitaji fundi, wanahitaji saa moja tu ya utulivu.

Kwanza tuliifungua ruta. Neno lake la siri la utawala lilikuwa lile lile lililoandikwa kiwandani kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, hata mgeni yeyote aliyeigeuza aliweza kulisoma. Tulilibadilisha, tukatia refu, na baba akaliandika katika karatasi na kuliweka pamoja na hati za nyumba. Pili, tulitazama kama ukuta wake umewashwa, na kama mtu wa nje anaweza kuitawala ruta kupitia intaneti. Njia hiyo tuliifunga, kwani hakuna mtu wa nyumbani aihitajiye. Tatu, tuliifunga ile desturi ya ruta kuvifungulia vyombo milango bila ya kutuuliza. Nne, tuliutenga mtandao wa wageni, ili jamaa wanaokuja siku za sikukuu wapate intaneti bila ya kuwa chumba kimoja na hesabu za kikundi.

Kisha tukaigeukia kompyuta. Tulihakikisha kuwa ukuta wa Windows umewashwa kwa mitandao yote. Mtandao wa nyumbani tuliuita wa faragha, na mitandao mingine yote, ya skuli, ya mjini na ya simu za watu, tuliiita ya hadhara. Tuliipitia orodha ya programu zilizopewa ruhusa ya kupokea mambo kutoka nje, tukaziondolea ruhusa zile ambazo hakuna aliyezijua. Kisha tulimfungulia kila mtu akaunti yake ya kawaida, na ile akaunti yenye mamlaka ya kutia na kutoa programu ikabaki kwa mama peke yake. Hatua hii ndogo ndiyo dawa ya ile kasoro niliyoitaja, kwani programu mbaya ikiingia kwa njia yangu mimi, haitakuwa na mamlaka ya kuuzima ukuta kwa urahisi.

Mwisho tulitazama masasisho. Hapa nawaomba wenye kompyuta kuukuu wanisikilize. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yetu iliweza kupokea Windows 11, tukaitia. Isiyoweza yafaa itiwe Linux, au mwenyewe atafute njia ya kuendelea kupata masasisho ya ulinzi. Mikasa miwili kati ya ile mitatu niliyoisimulia ililetwa na nyufa ambazo dawa zake zilikuwa tayari, na watu hawakuzitia. Kuweka ukuta mbele ya programu isiyosasishwa ni kutia mlango mzuri katika fremu iliyoliwa na mchwa.

Na zile fedha za kina mama? Zilinunua diski mbili za nje za kuhifadhia nakala, na bado fedha zilibaki, zikarudishwa mfukoni. Kila siku ya kupima mwani, mama akimaliza kuandika, hunakili hesabu zote katika diski moja, kisha huichomoa. Diski moja hukaa nyumbani kwetu, na ya pili hukaa kwa mweka hazina wa kikundi, na kila baada ya bamvua hubadilishana. Kompyuta yetu yaweza kuingiliwa, yaweza kuanguka majini, yaweza kuibiwa, lakini haki ya mwanamke aliyeleta mwani wake haitapotea nayo. Ukuta huzuia adui asiingie. Nakala ndiyo inayokuokoa akiisha kuingia. Katika siku ya mwanzo wanachama walipokuja kutazama, bibi mmoja mzee hakuuliza habari za intaneti hata kidogo. Aliuliza tu, "Kilo zangu zimo?" Mama akamwonyesha jina lake katika diski, akaridhika.

Sasa niseme yale ambayo hakuna ukuta uwezao kuyazuia, maana kuna watu wakishatia ulinzi hulala usingizi mzito. Ukuta humzuia ajaye bila ya kuitwa. Haumzuii uliyemwita mwenyewe. Mtu akipokea barua yenye faili, akalifungua kwa mkono wake, ukuta huona kuwa mwenye nyumba ndiye aliyeuliza. Zile jumbe za simu tunazozijua sote, zinazosema kuwa ile fedha itume kwa namba hii, hazigongi mlango wowote wa kompyuta. Hugonga moyo wa mtu mwenye haraka. Na mtu akimpa rafiki yake neno la siri, hata ngome ya mawe haimsaidii. Kwa hiyo katika nyumba yetu tumeweka kanuni tatu za mdomo: flashi ya nje haifunguliwi kabla ya kupimwa, faili lisilotarajiwa haliguswi mpaka aliyelituma apigiwe simu, na fedha hazitumwi kwa ujumbe wa maandishi bila ya kusikia sauti.

Wanafunzi wenzangu, na nyinyi wazazi wetu, mkitaka kuchagua ukuta wa kompyuta, msianze kwa kuuliza bei dukani. Anzeni kwa kuuliza mnalinda nini, na kompyuta yenu inakwenda wapi. Kama ni kompyuta nyingi zisizotoka, mfano wa chumba cha kompyuta cha skuli au ofisi au nyumba ya wageni, wekeni fedha katika sanduku zuri, na mtu wa kulitunza. Kama ni moja itembeayo, kama yetu, ukuta wa programu uwe wa mbele, na ruta iliyopo iwe wa pili. Na katika hali zote mbili zibeni ufa kwanza: neno la siri la kiwandani, sasisho lililoachwa, mamlaka yaliyotolewa kwa kila mtu, na hesabu isiyo na nakala. Nyufa hizo huzibwa bila ya fedha au kwa fedha kidogo. Atakayekuwa amekwisha kuziziba, na bado ana fedha mfukoni, huyo na anunue sanduku, nami nitamsaidia kulibeba kutoka kituo cha gari.